Goti la Bibi na Mbio za Ufaransa

Jumatatu, 1 Juni 1970

Likizo imeanza. Naandika mpango wangu hapa ili baadaye mtu asije akasema ulikuwa wake.

Mwakani, mwezi wa Julai, nitakuwa Ufaransa, katika kijiji kiitwacho Montferlin, nimekaa kwenye benchi la mawe, nikitazama mbio za baiskeli zikipita. Benchi nimeshaliona. Limo katika gazeti la picha ambalo Padri Hilari alimletea Baba, pamoja na mengine kumi, ya kufutia grisi. Padri alisoma Ubelgiji na watu wa huko bado wanamtumia magazeti. Baba ni fundi baiskeli hapa Mtendeni, na angelifutia mnyororo kama nisingelinyakua mkononi mwake. Mpaka leo ukurasa wa benchi una alama ya dole gumba lake.

Njia: garimoshi hadi Dar es Salaam. Meli hadi Ufaransa. Kutoka bandarini, baiskeli yangu mwenyewe. Nimepima kwa uzi juu ya ramani ya shule: shubiri moja na nusu. Babu yake Bibi alikwenda Bagamoyo kwa miguu, pembe ya ndovu begani, akarudi. Hakuwa hata na uzi.

Baiskeli nimeiunda kwa miezi minane, kwa vyuma vilivyotupwa nyuma ya kibanda cha Baba. Fremu ya kiume. Rimu mbili zisizo ndugu. Kengele isiyolia mpaka upite kwenye shimo. Binamu yangu Mabruki anaitaka. Anataka kubebea mpunga huko Igunga, kwenye kijiji chao cha ujamaa. Anasema nchi nzima inafanya kazi, kwa hiyo baiskeli nayo ifanye. Mbele ya Baba huwa anazungumza kama redio.

Baba amekata shauri. Nikipata barua ya mtu wa Ulaya anayesema njoo, kabla ya Saba Saba, baiskeli ni yangu na yeye mwenyewe atakwenda kuniulizia pasi. Nisipopata, ni ya Mabruki. Nadhani alisema hivyo ili tumwache amalize kula.

Hajui kwamba barua yangu iliondoka tangu Aprili, kwenda kwa Mwenyekiti wa Kijiji, Montferlin. Kila kijiji kina mwenyekiti. Niliandika kwa Kiingereza, sehemu zote tano za barua kama tulivyofundishwa, na nikaeleza hali ya kila mtu nyumbani, hasa goti la Bibi. Barua isiyosema hali za watu ni kama tangazo la ukutani. Majibu yatapitia sanduku la posta la Padri.

Zimebaki siku thelathini na sita. Zinatosha.

Jumapili, 7 Juni

Mazoezi. Katika picha, wapanda baiskeli hupokea mifuko ya chakula bila kusimama, wakaivaa begani, wakaendelea. Mtazamaji mzuri lazima ajue anachotazama. Kwa hiyo baada ya misa nilimweka Marcelina, mwenzangu wa Kidato cha Pili, kando ya barabara ya Kwihara na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Maagizo: nyoosha mkono, usiuachie mpaka niushike.

Aliushika vizuri mno. Hakuuachia hata nilipoushika. Marcelina anatwanga kila siku na ana mkono wa kazi hiyo. Baiskeli ilikwenda zake, mimi nikabaki hewani kidogo, na yenyewe ikaingia kwenye debe la asali la Mzee Ngollo, aliyekuwa amelitua apumzike.

Mzee Ngollo alisema amepita na asali barabara ile tangu wakati wa Mjerumani, na hajawahi kugongwa na baiskeli isiyo na mtu. Nikamweleza kwamba ni mazoezi ya Ulaya. Akauliza kama huko Ulaya mtoto wa kike huruka bomba la juu la fremu na sketi ya shule. Nikasema sijui, nitamwandikia nikifika.

Adhabu: kumchotea maji wiki nzima. Nimekubali. Kuchota maji kunajenga mapaja.

Jumatatu, 8 Juni

Asali haitoki kwenye baiskeli kwa maji baridi. Saa tatu asubuhi nyuki wakafika kibandani. Wateja watatu wamekimbia, mmoja na pampu yetu. Mabruki alikuwa amekaa juu ya baiskeli yangu, akimweleza Baba keria atakayoifunga. Nyuki wamemuuma mdomo wa juu.

Sasa anazungumza polepole sana, na watu wanamsikiliza kuliko zamani. Baba aliniamuru nimpe pole. Nilimpa. Aliniuliza kwa nini nimeziba mdomo kwa kanga nikimpa.

Alhamisi, 18 Juni

Hakuna barua. Nimekwenda kwa Padri mara tisa. Leo alifungua mlango kabla sijabisha hodi, akasema hapana.

Safari isipotee bure, nikamwomba anisomee maneno yaliyo chini ya picha. Yule wa fulana ya njano ndiye anayeongoza. Wale wanaomzunguka ni watu wake. Wanamchukulia maji, wanamkingia upepo, na gurudumu lake likipasuka mmoja wao humpa la kwake, yeye akabaki kando ya njia. Kushinda si kazi yao.

Hao ni wapagazi! Nikamwambia Padri kwamba huo ni unyonyaji mtupu, na nikifika nitawaeleza Azimio la Arusha. Padri akasema watafurahi kulisikia, wakipunguza mwendo.

Jioni nikamsimulia Bibi Mwanamkuu, mama yake Baba, huku nikimkanda goti. Akauliza watu hao wanakwenda wapi. Nikasema wanaizunguka nchi yao wiki tatu, kisha wanamaliza. Akauliza mizigo yao iko wapi. Nikasema hawana mizigo.

Akageuza mguu. "Babu yangu alikwenda pwani akarudi na shuka na chumvi. Hawa wanarudi na nini?"

"Fulana ya njano, Bibi."

"Wote?"

"Mmoja."

Akasema basi niende, watu wa namna hiyo wasiachwe peke yao. Nimepata kura moja.

Jumamosi, 27 Juni

Siku kumi. Nimeandika barua mwenyewe. Siuiti uongo. Mwenyekiti ana shughuli za kijiji, nami nimemsaidia uandishi tu. Stempu nilibandua kwenye karatasi iliyofungia gazeti la Padri. Muhuri nikaumalizia kwa kalamu. Tarehe nikaweka 5 Juni, ipate muda wa kusafiri.

Baada ya chakula cha mchana nikamsomea Baba, nikifasiri. Mwenyekiti anasema njoo. Benchi lipo. Mazao mwaka huu ni mazuri. Anamsalimia kila mtu kwa jina lake. Baba akauliza ameyajuaje majina, nikajibu ukweli, kwamba nilimwandikia Aprili. Baba akawa anatikisa kichwa kwa kukubali. Mabruki alikuwa ameacha kutafuna. Nilikuwa nimeshinda.

Kisha nikasoma: anampa pole Mabruki kwa kuumwa na nyuki.

Baba akaomba nirudie. Nikarudia. Akahesabu kwa vidole, barua tarehe tano, nyuki tarehe nane. Akaichukua bahasha akainusa.

"Hii ni gundi yangu ya viraka," akasema.

Sasa ningefanyaje? Mtu ameumwa na nyuki, unaandika barua nyumbani kwao, humpi pole? Mwenyekiti angeonekana hana malezi. Nimeponzwa na adabu.

Jumapili, 28 Juni

Baba hakunichapa. Angenichapa lingekwisha. Amempa Mabruki baiskeli bila kungoja Saba Saba, na amesema hata Mwenyekiti akija hapa Mtendeni na benchi lake kichwani, hatamwamini.

Mabruki aliipakia juu ya lori la Igunga. Akataka tupeane mkono wa kwaheri. Nikaaga baiskeli. Mdomo wake umepona, kwa bahati mbaya.

Nimelia kidogo nyuma ya kibanda. Pale ilipokuwa ikiegemea pana doa la mafuta ukutani, kimo cha usukani. Nilisimama hapo mpaka nikakumbuka jambo moja. Aliyekataa ni Baba. Montferlin haijasema hapana.

Jumatatu, 6 Julai

Padri Hilari amekuja kibandani na tairi iliyopasuka. Na barua!

Baba aliwahi kuipokea. Akainusa. Haikunuka kitu. Hakuridhika. Akaitumbukiza bahasha kwenye karai la maji anamotafutia matundu ya mipira. Stempu ikang'oka, ikaelea. Akasema, unaona. Nikasema stempu zote hung'oka. Akasema hayo hasa ndiyo maneno ya mtu anayezibandua.

Padri akaiokoa, akaifungua ikichuruzika maji, akaisoma kimya kwa Kifaransa kisha kwa sauti kwa Kiswahili. Mwenyekiti anaomba radhi kwa kuchelewa. Barua yangu ilibidi ipelekwe mji wa jirani kwa mwalimu ajuaye Kiingereza. Halafu anauliza: goti la Bibi linaendeleaje?

Baba akaweka spana chini. "Mwanne ameanza tena."

Padri akasema limeandikwa hivyo. Baba akasema Padri ni mtu mwema, na watu wema ndio wanaodanganywa. Ndipo picha ikadondoka kutoka kwenye bahasha.

Benchi langu. Juu yake amekaa bibi wa Kizungu mwenye nguo nyeusi, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, goti limefungwa kitambaa. Ni mama yake Mwenyekiti. Padri akasoma kwamba naye linamsumbua, hasa wakati wa baridi, na hulifunga kwa majani ya kabichi.

 Baba akaipeleka picha uani kwa Bibi, sisi sote nyuma yake. Bibi akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Huyu hajifanyi," akasema. "Tazama alivyouma meno. Na ni la kushoto, kama langu."

Mambo ya goti hakuna anayebishana na Bibi. Baba akakuna kichwa, akasema barua ni ya kweli.

Kulikuwa na kipande kingine. Nakaribishwa, na mtu yeyote wa nyumbani akaribie, chumba kipo. Ila mbio zilipita Montferlin mara moja tu, mwaka 1961, kwa dakika nne. Hazijarudi. Kila mwaka zinabadilishiwa njia. Padri alikisoma hicho polepole, akinitazama. Gazeti langu kumbe ni la mwaka ule. Ukurasa wenye tarehe Baba alikuwa ameshaufutia grisi.

 Wote walidhani nina huzuni, Bibi akanipa kipande cha muwa. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, 7 Julai. Saba Saba

Gwaride, ngoma, vumbi. Mabruki amekuja na lori kwa ajili ya sherehe, na baiskeli yangu ameileta ili ajionyeshe. Ameichomelea keria ya nondo, nzito kama kitanda.

Baba akamwambia airudishe. Mabruki akasema mbio zenyewe hazipo, kwa hiyo barua haina maana.

"Nilisema barua," Baba akajibu. "Mbio sikuzitaja."

Mabruki akasema basi apewe keria yake. Baba akamwambia aing'oe, ila fremu isiguswe. Mabruki aliizunguka mara mbili, akaipiga teke moja, akachechemea. Nilimpa pole. Safari hii sikuziba mdomo.

Alipokuwa akiondoka akanigeukia. "Utavuka bahari ukatazame barabara tupu, Mwanne."

Nikamwambia nitaitazama vizuri.

Jioni Bibi aliomba kukalishwa kwenye keria. Akajipima, akashika fremu kwa mikono miwili. Inamtosha. Anasema kabichi ni jani la baridi na haliwezi kutibu goti. Lazima mtu aende akamweleze yule mama.

Jumatano, 8 Julai

Nimelipata jibu.

Nyumba kumi zetu zinafagia sokoni kwa zamu. Bombani tunachota kwa zamu. Shuleni tunalima kwa zamu. Mbio zilipita Montferlin mwaka 1961, kisha zikaenda kwa wengine, ndiyo haki. Lakini miaka tisa imepita, na Ufaransa si kubwa. Nimeipima kwa uzi, haifiki vidole viwili. Zamu ya Montferlin imeshafika. Bila shaka katibu wao amesahau kuiandika. Mtu akikumbushwa kwa heshima hurekebisha.

Nimemwandikia Mwenyekiti wa Mbio, Ufaransa. Mtoto wa shule hatasikilizwa, kwa hiyo anayeandika ni Baba. Sahihi yake naiweza vizuri kuliko anavyoiweza mwenyewe. Baba anaomba mbio zipitie Montferlin Julai mwakani, mbele ya benchi, taratibu kidogo kwa sababu ya wazee wawili wenye magoti. Anashauri pia fulana ya njano ivaliwe kwa zamu, wapagazi wakiwemo.

Stempu ni ile iliyoelea kwenye karai. Nilikuwa nimeianika. Ni ya Ufaransa, kwa hiyo njia ya kwao inaijua. Gundi ya viraka sikuigusa, nimejifunza. Nimebandika kwa uji.

Sijui kama kwa Mwenyekiti wa Mbio kuna mgonjwa. Nimempa pole.