Rubani wa Ngazi ya Nne

Profesa hakuwahi kufundisha popote, wala darasa la saba hakulimaliza, lakini alipofungua kinywa hata wenye shahada walijikuta wakitikisa vichwa. Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemfika masikioni, naye amekereka. Anaongea peke yake. Kinyozi hamsikilizi! Kwa mtu ambaye riziki yake yote imo mdomoni, hilo ni tusi.

"Bwana, una nini huko sikioni?"

"Shh! Kuna ndege inaomba kutua," kinyozi alinong'ona, wembe ukiwa umesimama hewani.

Ndipo Profesa alipouona waya mwembamba ukishuka hadi kwenye mfuko wa aproni. Kinyozi alichomoa redio ya mkononi, kuukuu, mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira. Akaeleza kwa fahari kwamba wako sita, hukutana kila Jumamosi juu ya paa la jengo hilohilo, kazi yao kusikiliza: marubani, manahodha, habari za hali ya hewa, stesheni za ng'ambo.

"Mnalipwa?"

"Nani atulipe? Tunasikiliza tu."

Profesa alimtazama kama unavyomtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. Lakini kinyozi hakuishia hapo.

"Sasa tumechanga tununue mpya, tatizo hatuelewani. Mmoja anataka antena ndefu, mwingine betri ya kukaa kutwa, mwenyekiti anataka inayonasa mawimbi ya ndege bila mkwaruzo. Wiki ya nne hii tunabishana."

Watu sita, pesa tayari, na hawajui wanunue nini. Profesa alihisi joto likimpanda kuanzia kwenye nyayo.

Alimkumbuka muuza vyuma chakavu mmoja aliyekuwa na kikapu cha redio saba za walinzi wa kampuni iliyokufa. Redio hizo zilikuwa na chaneli moja tu, za kuitana zenyewe kwa zenyewe ndani ya mitaa miwili mitatu. Zisingeweza kuinasa ndege hata kama ingetua juu ya antena. Profesa alizichukua zote kwa bei ya kutupa, akazisugua kwa dawa ya meno mpaka zikang'aa, akazibandika karatasi za rangi ya dhahabu.

Kisha akaenda kwa shemeji yake. Dada yake Profesa alikwisha kumwonya, kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu, asithubutu tena kumwingiza mume wake kwenye mambo yake. Ndiyo sababu Profesa aliingia kwa mlango wa nyuma. Shemeji alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mwenye mafua yasiyoisha.

"Shemeji, Jumamosi utakuwa rubani."

"Mimi? Mimi naogopa hata lifti."

"Basi hutapanda lifti. Utakaa kwenye ngazi."

Jumamosi ikafika. Wasikilizaji walikaa kwenye viti vya plastiki juu ya paa, na mbele yao Profesa, kanyoosha koti, redio sita zimepangwa mezani kama keki. Mwenyekiti wao alikuwa bibi mwembamba wa miaka sabini hivi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliongea polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika popote.

"Nisaidie, mwanangu. Redio ya kusikiliza haina haja ya kitufe cha kusemea. Hiki ni cha nini?"

"Hicho ni cha dharura, mama. Ukiona ndege inataka kuanguka, unawahi kuitaarifu."

Wengine wakatikisa vichwa, jambo la maana sana hilo.

"Na mawimbi ya ndege inayanasa?"

"Mama, hii inanasa mpaka mawazo ya rubani."

Ndege ikapita juu yao, ndogo, nyeupe. Profesa akagonga sakafu kwa kisigino mara tatu. Chini kidogo, kwenye ngazi ya nne kutoka mlango wa paa, shemeji akajikaza na kubonyeza kitufe.

"Haloo, haloo! Hapa rubani. Tuko mawinguni, mambo yote shwari. Abiria wanakula. Huko chini nawaona watu saba juu ya paa, mmoja amevaa ap... hachuu! Samahani. Huku juu kuna baridi."

Ile chafya ilisikika mara mbili: mara ya kwanza redioni, mara ya pili mlangoni. Profesa akakohoa kwa nguvu kuifunika.

"Aproni! Ametuona!" kinyozi alilia, machozi yakimlengalenga.

Mwenyekiti alivaa miwani. Akaitazama redio, akautazama mlango wa ngazi, akamtazama Profesa kwa utulivu.

"Safi kabisa," alisema. "Tunachukua zote."

Mchana wa siku hiyo Profesa alikuwa amejinyoosha kwenye kibanda cha shemeji, katikati ya vipande vya vitambaa, akichagua kichwani chumba cha kupanga kwa pesa zile. Redio ya saba ilikuwa mezani, inawaka. "Usiizime," alimwambia shemeji. "Wakigundua, sisi tutakuwa wa kwanza kujua. Hii ndiyo tofauti ya fundi na mbabaishaji."

Redio ikakwaruza.

"Mwenyekiti, unanisikia?" Kinyozi huyo.

"Nakusikia. Kumbe kile kitufe kinafanya kazi! Bora tuongee humu kuliko kwenye simu, humu ni sisi peke yetu."

Profesa alitabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Sikiliza," bibi aliendelea. "Ile redio ya mbao kwa fundi redio pale kwenye kona, anayoiwekea kikombe cha chai. Nimempata mtu wa makumbusho anayeitafuta dunia nzima. Anatoa mara kumi ya pesa tulizolipa leo. Kesho saa nne atakuwa hotelini. Fundi hajui kitu. Nitapita jioni niinunue."

Kabla redio haijanyamaza, kibanda kilikuwa na mtu mmoja tu: shemeji, sindano mkononi, mdomo wazi.

Fundi redio alikuwa mzee aliyeinama juu ya waya. Alisema haiuzwi. Profesa akataja bei. Mzee akasema ni ya marehemu shangazi, aliyeisikiliza mpaka siku ya mwisho. Profesa akapandisha. Mzee akafuta jicho kwa kitambaa cha mafuta. Profesa, mtu wa huruma, naye akafuta lake, akapandisha tena. Walipomalizana, pesa zote za wasikilizaji zilikuwa juu ya meza ya fundi, pamoja na saa ya Profesa na lile koti.

Jumapili saa nne alikuwa hotelini, redio ya mbao mapajani. Saa tano mhudumu akamhamisha kiti. Saa sita akamhamisha tena, karibu na choo. Na hapo akaja bibi mwenyekiti, akaketi mbele yake, akaagiza chai mbili.

"Mwanangu, mimi nilikaa kwenye mnara wa uwanja wa ndege miaka thelathini na miwili, nikiongoza ndege kutua. Nimesikia marubani wenye usingizi, wenye hofu, na mmoja aliyekuwa akiimba. Sijawahi kumsikia anayepigia chafya kwenye ngazi za jengo letu."

"Ulijuaje kwamba nasikiliza?"

"Rubani wako alikuwa na redio ya saba. Na mtu kama wewe haizimi."

"Na yule fundi?"

"Mdogo wangu. Shangazi hatukuwahi kuwa naye." Akamsogezea sukari. "Kunywa, twende. Shemeji yako anakusubiri."

Polisi, Profesa alijua. Na baada ya polisi, dada yake. Alipanda ngazi zote hadi paani akiwa ametunga utetezi mrefu, wenye machozi mahali pake.

Hakukuwa na polisi. Kulikuwa na shemeji, kakaa katikati ya wasikilizaji, redio mpya mkononi, kifaa cha sikioni kimezama, macho kayafumba. Mafua yake yalijulikana mtaa mzima; kinyozi alikuwa amemfuata asubuhi, akamwambia wanataka kumsikilizisha rubani wa kweli. Profesa alifungua kinywa.

"Nyamaza!" shemeji alimkaripia. Hajawahi kumkaripia mtu maishani. "Gurudumu limegoma kushuka. Ana watu arobaini."

Bibi akachukua redio yake, akaongeza sauti. Rubani alikuwa akitaja tarakimu tu, moja moja, kwa sauti kavu kama ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mnara ukamjibu kwa tarakimu. Bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu kila jibu lilipotoka, vidole vyake vimeushika uzi wa miwani. Kimya. Mkwaruzo. Kimya. Halafu yale maneno machache: gurudumu limeshuka, na baada ya muda, iko chini. Viti vya plastiki vikalia kwa pamoja. Shemeji akapenga kamasi kwa furaha. Profesa aligundua kwamba muda wote ule alikuwa amebana pumzi.

Akajikohoza, akaisogelea ile redio mpya, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni nzuri," alimwambia kinyozi. "Mmenunua bei gani?"

"Unaniuliza mimi?" kinyozi akashangaa. "Si ulilipa mwenyewe jana, kwa fundi?"