Kwa Daktari Aliyemkataza Mkwe Wangu Ngano

Kwa Daktari wa matumbo,
Zahanati ya mtaani kwetu.

Ndugu Daktari,

YAH: KUNYANG'ANYWA JIKO LANGU

Natumaini u mzima, na matumbo ya watu yanaendelea kukupa riziki. Mimi ni mama mkwe wa yule dada uliyemwambia asile ngano, shayiri wala chochote chenye gluteni maisha yake yote. Yeye na mwanangu wanakaa kwangu mpaka nyumba yao ipate paa. Nimepika shule ya bweni miaka thelathini na moja, watoto mia sita kila mlo, na hiyo gluteni sijawahi kuiona ndani ya gunia. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mkwe wangu amekuja na sufuria yake, mwiko wake na chujio lake, vimeviringishwa kitambaa kama mtoto mchanga. Kwenye mfuniko ameandika USIGUSE kwa rangi ya kucha. Mimi, ambaye hata mwalimu mkuu alikuwa akinibishia hodi jikoni, leo naambiwa nisiguse.

2. Mkate wangu wa asubuhi naulia kibarazani, juu ya kigoda, kama mtu aliyekuja kusoma mita. Nikimaliza napanguswa makombo na mwanangu wa kumzaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu siku ya tatu alinipa mimi orodha.

3. Vinywaji navyo. Kinywaji changu cha kimea, ambacho ndicho kinachonisimamisha jioni, kimehamia chini ya kitanda changu, eti kimea ni shayiri. Na mwanangu, ambaye hakuwahi kumaliza kusoma ripoti yake mwenyewe ya shule, siku hizi anasoma chupa ya sosi kuanzia jina hadi anwani ya kiwanda. Anasoma kwa sauti, sisi tunasubiri kula.

4. Kikundi chetu cha akina mama kilipokuja, nilikata keki. Wakiondoka, hawajafika getini, mkwe ameshaifuta meza mara mbili kwa kitambaa kipya. Jirani akageuka, akaona. Sasa mtaa mzima unajua kwangu ni kuchafu, na nina vyeti vitatu vya bwana afya ukutani. Hili liliniuma, Daktari, sikufichi.

Ninazo nyingine, ila karatasi ni hii moja. Naomba mambo mawili. Kwanza, uandike na kugonga mhuri kwamba unga uliopita kwenye mikono yenye uzoefu haumdhuru mtu, ukianza na mikono yangu. Ukishindwa, basi na mimi uniandikie ugonjwa, wenye jina refu kuliko lake, unaonikataza kukaa kigodani, kuosha vyombo na kusomewa chupa. Tuwe wagonjwa wawili, tuheshimiane.

Nisalimie wauguzi wote, yule mpole wa dirisha la dawa, na mkeo kama bado anaruhusiwa mkate.

Wako mtiifu, aliyebaki na kigoda,

Mpishi Mstaafu

Tanbihi: Hayo ya juu niliyaandika Jumamosi. Jumapili nikatia kijiko kimoja cha unga wa ngano kwenye mchuzi wake, uwe mzito kama nilivyozoea, nipate na ushahidi wa kukuletea. Leo Jumanne hajainuka kitandani. Amejikunja, hata maji hayakai tumboni. Anadhani alikosea mwenyewe kusuuza sufuria, na ameniomba radhi kwa kunisumbua. Namba moja hadi nne zifute. Kesho mkifungua mlango mtatukuta hapo, na nimeazimia kumwambia mwenyewe mbele yako. Nikishindwa kufungua mdomo, msomee hapa.