Picha za Harusi Upande wa Kulia

Jumatatu, 2 Septemba
Tumefika mji wa Thrissur kwa wakwe, kulishwa kama maharusi wote. Nimisha ni mke wangu. Naiandika tena nione inavyopendeza: Nimisha ni mke wangu.

Kaka yake, Vipin, anafundisha kompyuta sekondari. Alituonyesha Krusader, programu ya kupanga faili kwenye Linux. Dirisha moja, folda mbili ubavu kwa ubavu, faili zinavuka kutoka huku kwenda kule. Nilisahau kupumua. Kisha nikasema Double Commander, programu nyingine ya aina hiyo, ni bora. Sijawahi kuigusa. Vipin akauliza nimeanza kuitumia lini, kabla ya puttu ya leo, ule mkate wa mchele wa mvuke, au baada. Baba mkwe akapaliwa na chai kwa kucheka.

Jumanne, 3 Septemba
Nimezilinganisha asubuhi nzima. Ya Vipin ina vifungo vya mambo ambayo sikujua kuwa nayataka. Yangu nyepesi, inafunguka kabla sijapepesa jicho. Zote mbili ni maajabu. Folda mbili bega kwa bega, kila moja ikimtazama mwenzake! Nilimwambia Nimisha kwamba hii ndiyo ndoa. Akasema ninywe chai, inapoa.

Mpango: Jumapili tumealikwa kwa bibi yake, aliyevunjika nyonga akakosa harusi. Picha nitamwandalia mimi, kwa Double Commander. Vipin atanyamaza.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimisha alikaa kulia kwangu, jasmini kichwani. Picha zilikuwa kushoto. Nikaona si haki. Nikabadilisha pande, picha ziwe karibu naye. Nikachagua amri ya kuzifanya folda zifanane, ambapo ya kulia huiga ya kushoto. Programu ikauliza kama nina uhakika. Nilikuwa namtazama Nimisha. Nikakubali.

Kushoto palikuwa patupu. Kulia pakaiga.

Harusi yetu yote, imefutika. Vipin alisema angalau folda sasa zinafanana, hongera shemeji. Sikula.

Ijumaa, 6 Septemba
Kumbe Nimisha alikuwa amezinakili picha kwingine tangu Jumatatu, aliposikia tunabishana. Hakunisema. Alicheka tu, akanimegea puttu kwa mkono wake. Nimeoa malaika.

Jumapili, 8 Septemba
Bibi alitazama picha zote, akimpapasa Nimisha shavu kwenye kioo cha kompyuta. Akauliza mbona bwana harusi ni mnene kuliko huyu aliyeletewa. Kisha akatoa flashi: picha za marehemu babu. Hakuna nakala nyingine duniani, alisema. Akaomba ziwekwe kwenye kompyuta. Vipin alinyoosha mkono. Bibi akanipa mimi, mjukuu wake mpya.

Nimefungua Double Commander. Nimisha kakaa kulia kwangu, kwa hiyo babu nimemhamishia kulia, awe karibu naye. Kushoto folda mpya, safi kabisa. Nimechagua zifanane. Programu inauliza kama nina uhakika.

Sijawahi kuwa na uhakika hivi maishani.