Viti Moto vya Vienna

Jumatatu, 7 Julai
Nyuzi arobaini na nne. Mimi, Jotham, mfungua mlango wa hoteli hapa Al Rigga, Dubai, nimesimama nje tangu asubuhi na koti la sare. Nimechoka kuiva! Lakini leo kuna habari. Unafunguliwa mkahawa wa mtindo wa Vienna ghorofa ya chini, na Madam, meneja wetu, anatafuta mhudumu mkuu kutoka miongoni mwetu. Ndani. Kwenye AC! Akauliza nani amewahi kufika Vienna. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Sijafika hata Sharjah, hapa jirani. Nikasema niliishi kule miezi mitatu. Sasa anataka ukurasa mmoja kufikia Jumatano: mgeni anaona nini Vienna?

Peninah, Mkenya mwenzangu wa meza za asubuhi, aliniangalia sana. Wivu tu.

Jumanne, 8 Julai
Bahati! Linus, mpishi wetu kutoka Moshi, aliwahi kupelekwa Vienna wiki mbili na arbab wake, yaani tajiri wake wa zamani. Nimemkamua jikoni. Kasema majumba ya wafalme ni mengi kama maduka ya dhahabu Deira. Farasi wanavuta watu mjini. Vijana wanapiga fidla barabarani, tena vizuri. Mtu anaagiza kikombe kimoja cha kahawa, analetewa na glasi ya maji kwenye sinia, anasoma gazeti masaa matatu, na hakuna wa kumfukuza.

Nikamwuliza yeye alipenda nini zaidi. Macho yakamlegea. "Kitimoto, kaka. Kipo kila kona. Ukikipata na ndimu, hutaki kuondoka." Arbab wake hakutaka hata kukisikia, kwa hiyo Linus alikuwa akijiiba.

Maskini! Kumnyima mtu kiti chenye joto katika baridi ile! Ndimu nadhani ni ya kung'arishia mbao. Sikuuliza, asije akajua kwamba sijui.

Jumatano, 9 Julai
Nimekabidhi. Farasi, fidla, sinia, na aya nzima juu ya viti moto. Madam akasema hajawahi kusikia habari za viti hivyo. Nikamwambia watalii hawavioni, ni mambo ya wenyeji. Sawa, akasema, Jumamosi mwenye hoteli anakuja kuonja kahawa, nimwonyeshe kimoja. Peninah alisema yeye Vienna haijui, ila anabeba vikombe sita bila kumwaga. Nilimhurumia.

Ijumaa, 11 Julai
Nimekwenda duka la dawa Oud Metha kununua mto wa umeme wa wagonjwa wa mgongo. Nimeufunga chini ya kitambaa cha kiti. Kiti chote nimekipaka ndimu nne. Kinanukia! Linus aliuliza ndimu zake ziko wapi. Nikamwambia yalla, rudi kazini.

Jumamosi, 12 Julai
Khalas. Yamekwisha.

Mwenye hoteli alikaa. Akainuka. Kanzu yake nyeupe ilikuwa na alama ya ndimu mahali nisipoweza kupataja. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kwa nini anakaangwa mwezi wa Julai. Nikasema ndiyo desturi ya Vienna, shahidi wangu Linus. Linus akaitwa. Akaapa hajawahi kuona kiti cha joto maishani mwake. Nikamkumbusha: kitimoto! Akashika mdomo. "Kaka, kwetu kitimoto ni nyama ya nguruwe!" Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Madam akataka tafsiri. Peninah akamtafsiria neno kwa neno, mbele ya wote. Mwenye hoteli naye akacheka, namshukuru Mungu.

Peninah amepata kazi. Mimi mlangoni. Nimeumia, nasema kweli. Nilikuwa nimeshaanza kuisikia ile AC.

Jumatatu, 14 Julai
Nyuzi arobaini na sita. Nimelitafakari kosa langu na nimelipata: nilimwuliza mpishi. Mpishi mawazo yake yote ni chakula! Leo nimesikia ghorofa ya pili wanafungua duka la keki la mtindo wa Paris. Nimejiandikisha haraka: Paris, miaka miwili. Halafu nikampigia Sikujua, Mtanzania anayefanya kazi za ndani Al Warqa, aliyefuatana na madam wake Paris mwezi wa nne. Huyu hapiki, analea watoto. Kasema mji ni mzuri, ila zege la kule ni jembamba, mayai matupu, wanalitia jibini, na halishibishi.

Nimeandika: Paris ni mji mzuri, lakini nyumba zao za zege la mayai nisingelala ndani.