Mama Mkwe, Bwawa na Mwanyumba Wangu

Alhamisi, 8 Agosti

Tumeondoka alfajiri. Mama mkwe kakaa mbele. Injinia anaendesha. Mimi na mke wangu nyuma, chupa ya chai katikati ya magoti yangu, mfuko wa viatu vya mama chini ya miguu. Gari ni la Injinia. Kila kitu ni cha Injinia!

Niseme ukweli hapa, maana daftari halina mdomo. Injinia ni mwanyumba wangu. Yeye kamuoa dada mtu, mimi nimemuoa mdogo mtu. Mkewe kabaki nyumbani na watoto wetu wote. Mama mkwe anamwita Injinia "mwanangu". Mimi ananiita "mkwe". Tangu siku ya harusi hadi leo, mkwe! Mkwe, sogeza kiti. Mkwe, funga mlango. Mimi fundi mapazia, nilimshonea ya nyumba nzima, ya sebuleni nikayatia na bitana. Asante, mkwe. Injinia alimbadilishia koki moja ya jikoni. Koki moja! Mama nusura alie. Mwanangu, Mungu akuzidishie.

Na wala si injinia. Ni fundi bomba wa idara ya maji. Watu walianza kumwita hivyo kwa utani, naye akaitika.

Ndiyo, nina wivu. Nina kijiba cha roho. Basi.

Safari yenyewe ni ya mama. Ujanani alikuwa muuguzi katika miji midogo ya huku mtoni, kabla mto haujazibwa ukawa bwawa na hata baadaye, na sasa kastaafu anataka kuiona tena. Nchi kame kabisa. Mawe, miiba, mbuzi wanaotafuna katoni. Mimi nina lengo moja tu: tusirudi nyumbani kabla hajaniita mwanangu. Na Injinia awe anasikia.

Tumelala mji wa kwanza. Mtaa mmoja, maduka yote upande mmoja kwa kukimbia jua. Nilitangulia mapokezi ya nyumba ya wageni. Nikamwomba dada wa pale, kwa upole wangu wote, amwambie mama kwamba mkwe wake alihangaika sana na simu kumtafutia chumba kisichopigwa na jua la mchana. Dada akakubali. Akamwambia vizuri kabisa. Mama akafurahi, akauliza ni mkwe yupi. Dada akachungulia nje. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya friji ya soda nisionekane nimepanga. Injinia alikuwa anashusha mizigo. Dada akasema lazima ni yule pale, anayejituma.

Mama akamwita mwanangu mara mbili kwa pamoja. Injinia akasema yeye hakupiga simu yoyote. Mama akasema tazama alivyo mnyenyekevu!

Mapazia ya chumba chetu ni mafupi, hayafiki hata ukingo wa dirisha. Yamekatwa na mtu mwenye haraka zake.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo bwawani. Nilijiandaa. Jana nilichukua kipeperushi pale mapokezi nikakisoma hadi nikakihifadhi kichwani.

Tumepanda juu ya ukuta. Upepo mkali, upande mmoja maji hadi upeo wa macho, upande mwingine korongo kavu lenye uzi wa maji katikati. Nikakohoa kidogo nikaanza. Nikamweleza mama urefu wa ukuta, idadi ya mageti, jinsi ujenzi ulivyokwenda salama salimini bila mtu kukwaruzwa hata kidole. Hilo la mwisho halikuwamo kwenye kipeperushi. Nilitia chumvi kidogo ipendeze.

Mama akasema mkwe, hao wajenzi niliwafunga bandeji mimi.

Mke wangu akageuka kutazama maji. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Injinia hakusema kitu. Alimwuliza mama swali moja tu, kwamba enzi hizo alikuwa anakaa wapi. Mama akanyoosha kidole katikati ya maji. Pale, mwanangu. Akaanza kusimulia. Mtaa wao uko chini kule, na zahanati, na ukuta wa nyumba ya shoga yake alioupaka chokaa mwenyewe wiki moja kabla ya kuhamishwa. Hakuna aliyewaambia wasipake. Mama akalia. Injinia alisimama tu kamshikia mkoba. Mkoba wa kike, wa maua, wala haoni haya!

Hata mimi nilifuta machozi kwa kipeperushi. Lakini hakuna aliyeniona, kwa hiyo haihesabiki.

Kumbe siri ni kunyamaza. Mtu hafanyi chochote, ananyamaza tu, anavuna sifa. Kesho nanyamaza.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimenyamaza tangu chai ya asubuhi.

Tumehamia mji ulio chini ya bwawa. Mji mzuri, kusema kweli. Kando ya mto mashamba ya kijani, mifereji, vitunguu hadi barabarani. Ukivuka barabara tu, jangwa. Mama alikuwa anatambuliwa kila kona. Fundi cherehani mmoja alitoka kibandani akasema sindano yake ya kwanza maishani alidungwa na mama, na bado anaikumbuka. Wote walicheka. Mimi nilinyamaza. Nilitazama mbali kwa huzuni, kama Injinia jana.

Mchana mama akanitazama sana. Akamwuliza mke wangu kama nimepata choo.

Nikaendelea kunyamaza. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nikafumba macho. Nikajua sasa neno linakuja. Akasema mkwe huyu ana homa ya jua. Akatoa chupa kwenye mkoba, dawa nyeusi, chungu kuliko shubiri. Nimekunywa vijiko viwili mbele ya wateja wote wa hoteli. Injinia akanishikia kikombe. Akaniambia pole mwanyumba, jikaze. Ana huruma ya kuudhi huyu mtu.

Nimeshinda chooni. Hapa napo mapazia mafupi.

Jumapili, 11 Agosti

Haya lazima niyaandike.

Leo Injinia alikwenda kuwasalimia mafundi wa mageti juu ya ukuta, kama mtu anayekwenda kwao. Kabla ya kuondoka akasema tule chakula cha mchana juu kwenye ukingo, tusishuke mtoni. Akijifanya mto ni wake! Ukingoni hakuna kivuli hata cha kumficha kuku. Chini, katikati ya mto, kuna kisiwa cha mawe bapa, safi kama sakafu. Na mimi nilikuwa na kitambaa cha mapazia kwenye begi, kizito, cha buluu, kipande kilichobaki kwenye kazi ya hoteli moja ya kwetu. Nikajua siku yangu imefika.

Nikawashusha mama na mke wangu, tukaruka mawe hadi kisiwani. Nikafunga kivuli, pembe mbili kwenye kichaka, pembe mbili kwenye kibao kimoja cha chuma kilichochomekwa pale. Kibao kilikuwa na maandishi mekundu na picha ya kutisha, kinaharibu mandhari. Nikakifunika kabisa. Nikakunja marinda, yakalala sawasawa.

Mama akakaa kivulini. Akashusha pumzi. Akasema mkwe, hapa umefikiri. Kwa masikio yangu! Tangu anijue hajawahi kuniambia neno hilo. Nilimmiminia chai kwa mikono miwili. Bado hatua moja tu.

King'ora kikalia kule ukutani. Mke wangu akauliza ni nini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mafundi wanaitwa kula. Mama akatupa kikombe. Akasema hicho ni cha mageti, yanafunguliwa, alikisikia miaka na miaka! Akamshika binti yake mkono na wakakimbia kwenda ukingoni. Mwanamke aliyestaafu, anaruka mawe kama mbuzi.

Nami nilikimbia. Halafu nikakumbuka kitambaa.

Nilirudi. Mafundo yalikuwa ya kifundi, hayafunguki kirahisi. Maji yalikuja taratibu, yakafika vidoleni, nikasema haya si kitu. Kufumba na kufumbua yako kiunoni. Kitambaa kikaondoka na marinda yake. Ndipo nikakisoma kibao: usishuke hapa, maji hufunguliwa bila kutarajiwa. Nikakikumbatia.

Injinia akaja mbio na kamba. Alishawaambia wenzake wafunge mageti, lakini geti lile si koki, halifungwi kwa mkono mmoja. Akatupa kamba, nikaidaka. Yeye kashika upande ule, mimi nimeshika upande huu. Mama kasimama nyuma yake, kilemba kimefunguka, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Mwanangu! Shika! Usiachie!"

Jamani. Alimwambia nani?

Niliuliza. Nilinyanyua mkono mmoja hadi sikioni ili nisikilize jibu. Nikazama.

Nimevutwa nje kama gunia la mkaa lililolowa. Mafundi wote walikuwa juu ya ukuta wanatazama. Mama alinipiga mgongoni hadi maji yakatoka, kisha akanipiga tena, nadhani hiyo ya pili haikuwa ya matibabu. Mke wangu analia, hataki kusema na mimi. Injinia kanipa shati lake kavu. Linanitosha, jambo ambalo pia limeniuma.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumerudi. Njia nzima swali moja kichwani. Nilivumilia mpaka kituo cha mafuta, Injinia alipokwenda kulipa. Nikapiga moyo konde. Nikamwuliza mama ile "mwanangu" ya jana ilikuwa ya nani.

Alinitazama kwenye kioo. Akasema ilikuwa ya wote wawili. Mmoja anavuta, mmoja anazama, nani angekuwa na nafasi ya kuchagua? Akasema wakati ule aliona watoto wake wawili kwenye kamba moja. Halafu akafuta jicho na kusema nisimwulize tena mambo ya kipuuzi.

Mke wangu akanishika mkono. Akaninong'oneza kwamba haya, nimeshalipata, nitulie sasa.

Nimelipata? Nimelipata nusu! Na nusu nyingine kapewa nani? Nimezama mimi, nimemeza maji mimi, kitambaa kimekwenda changu, halafu nigawane na mtu aliyesimama nchi kavu na viatu vyake!

Nimewaza sana. Kosa la jana ni moja tu: Injinia alikuwepo.

Jumamosi yuko zamu kazini. Nimemwalika mama twende kutembea, sisi wawili tu, kwenye lile bwawa dogo nyuma ya kiwanda cha matofali. Amekubali. Mimi nitateleza kidogo ukingoni, yeye atavuta. Hapo hakutakuwa na mtu mwingine wa kuitwa.

Kilichokosekana ni kamba imara. Nimempigia simu Injinia, ananiletea ya kwake kesho.