Msimamizi Yuko Ndani ya Mchele

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka! Miaka sita mimi ndiye msimamizi wa chumba cha soga mtandaoni cha kikundi chetu, sisi tunaotengeneza kwa kujitolea programu ya maktaba za shule. Leo mtu kauliza namna ya kusajili vitabu vilivyochanika. Nikavaa miwani. Sijamaliza kuandika "Ndugu mpendwa", huyu anayejiita Fundi Saa keshajibu! Ana miezi miwili tu humu. Wakamshukuru weee. Mimi hata salamu sikupata. Tangu mke wangu afariki, chumba kile ndicho kinachoniambia habari za asubuhi. Sinyang'anywi.

Jumanne, 5 Machi

Dawa nimeipata. Kanuni yetu tangu mwanzo ni kwamba chumba kiko wazi: yeyote asome, yeyote aulize. Ndiyo iliyotuletea Fundi Saa! Nimeifuta. Chumba kimefungwa. Wenye chini ya mwaka nimewatoa, waombe upya: maswali kumi na mawili, kisha msimamizi akubali. Mwalimu wa Hesabu, msaidizi wangu, kaniuliza mtu asiyejua kitu atauliza wapi sasa. Maswali gani hayo! Nikamvua usimamizi. Ufunguo ninao mimi peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Ombi la Fundi Saa limefika. Majibu yote sahihi, tena kwa adabu. Nimeliacha lisubiri. Mtunza maktaba mmoja kaja mbio, orodha yake ya vitabu imepotea. Nikamwambia ajibu maswali kwanza. Hakurudi.

Chumba kimya. Nilisema habari za asubuhi, mtu mmoja akaitikia, jioni.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Nilikuwa nafua mashati huku nasoma ombi la Fundi Saa mara ya tatu, nitafute kosa. Simu ikatumbukia kwenye beseni. Dada yangu kaizika kwenye debe la mchele, eti mchele utafyonza maji, anacheka mpaka anashika ukuta.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeazima simu ya dada. Neno la siri silikumbuki, wala sikuliandika popote. Usalama! Basi nikaomba kuingia kama mgeni. Maswali yangu mwenyewe yamenitoa jasho. La kumi na mbili: kwa nini tukuamini? Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaweka kwamba nimekuwapo muda mrefu.

Likaja jibu: ombi lako limepelekwa kwa msimamizi, subiri.

Msimamizi ni mimi! Nimo ndani ya mchele.

Jumamosi, 9 Machi

Nasubiri. Dada kasema nimpigie mwenzangu mmojawapo. Nimpigie nani? Miaka sita, na sina namba ya hata mmoja. Nawajua kwa majina ya utani tu. Nimekaa jikoni na chai imepoa. Asubuhi nzima hakuna aliyenisalimu. Niliona aibu kulia mbele ya dada, nikalia hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Dada, asiyejua lolote la programu, kabofya mara mbili tu akawaona. Wote! Wamefungua chumba kipya tangu Jumatano, kiko wazi, hakina maswali. Mtunza maktaba yumo, orodha yake imepatikana. Nikaingia kwa kunyata, kwa jina langu lile lile la utani. Hakuna aliyeniuliza nataka nini. Wa kwanza kunikaribisha ni Fundi Saa: eti mzee wetu ulipotelea wapi, tumekutafuta. Kisha salamu, mvua ya salamu. Mwalimu wa Hesabu hakunisema hata neno. Kanirudishia usimamizi, maana mimi ndiye ninayewajua watu wote kwa miaka.

Nimeapa. Mlango ule hautafungwa tena na mkono wangu.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi njema. Salamu kumi na saba, nimezihesabu. Saa nne mgeni kauliza jinsi ya kufuta kitabu kilichosajiliwa mara mbili. Jibu nalijua! Nikavaa miwani.

Fundi Saa keshajibu.

Sitafunga mlango, nimeapa. Nitaurudisha kidogo tu. Maswali manne, hayamuui mtu, na ufunguo ukae kwa mmoja ili kazi isiingiliane. Mwalimu wa Hesabu nitamweleza baadaye.

La kwanza na la pili tayari. Mashati bado yananingoja, kwa hiyo nafua huku naandika. Simu ya dada nimeiegemeza hapa kwenye ukingo wa beseni, ndipo penye mwanga mzuri.