Malalamiko Dhidi ya Mashine Iliyoniita Chuma

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Kupasua Mbao,
Ofisi ya mbele, mlango unaokwaruza.

YAH: KUACHISHWA KAZI KWA MASHINE YA KUTAMBUA VYUMA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu, na ukimaliza kuhusika tafadhali kaa chini, maana yanayofuata ni mazito. Naandika nikiwa kwenye benchi langu, hatua chache kutoka dirishani kwako, na nakuona ukinywa chai. Ningeweza kuja kukueleza kwa mdomo kama mdogo wako wa tumbo moja. Lakini tangu ulipotangaza kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna boriti itakayopanda kwenye msumeno bila kupimwa na mashine, nimeona undugu tuuweke kando kidogo. Katika barua hii, basi, wewe si Dada. Udada utarudi mwishoni, kwenye salamu.

Kwa faida ya kumbukumbu za ofisi, mimi ndiye mgonga mbao wa kiwanda hiki. Mbao zetu nyingi zinatoka kwenye majengo yaliyobomolewa, na ndani yake hulala misumari ambayo jicho haliioni. Msumeno ukikutana na msumari, meno hung'oka, na jino lililong'oka halichagui pa kwenda. Marehemu baba yetu alinifundisha kugonga boriti kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: mti mtupu hujibu, mti wenye chuma hununa. Nimegonga tangu nikiwa na nywele. Kiti alichokuwa akikalia yeye ndicho ninachokikalia mimi, na sasa nasikia atakikalia mkwe wako, yeye na hiyo mashine yake, fimbo yenye sahani chini. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili naye aweze kuyasoma, kwa kuwa siku hizi haelewi kitu kisicho na namba.

1. Mashine haina adabu ya kusubiri. Mimi hugonga, nikanyamaza, nikasikiliza. Mashine hulia kabla ya kuulizwa. Siku ya kwanza ililia juu ya meza, tukaambiwa meza ina skrubu. Ikalia mlangoni, tukaambiwa ni bawaba. Ikalia kwenye sufuria ya mama chai, na hapo nakiri ilisema kweli, ila sikumbuki nani kati yetu alikuwa na shaka na sufuria. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili limenunuliwa likiwa na betri.

2. Mashine imefungua shule. Kila asubuhi, saa ambazo wanaume wazima wanapaswa kuwa wanabeba mbao, mkwe hutandika gunia chini na kuficha vitu ndani yake: msumari, skrubu ya shaba, kipande cha waya, kizibo cha soda, na kipande cha msumeno wetu wa zamani. Wapasuaji hujipanga, wanavaa vile vikombe vya masikioni vinavyosikilizia mashine kwa zamu, wanafumba macho na kutaja walichosikia. Nimelazimika kuyasikia masomo hayo hata nisipotaka. Msumari, wanasema, hulia kwa mkato. Shaba ina sauti nyembamba. Kipande cha msumeno, kwa sababu ni bapa, hukoroma na kujiburuza, na kwenye kioo cha mashine hutokea namba yake isiyobadilika. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa kuulizana hali za watoto sasa wanasalimiana kwa namba.

Nami nilialikwa darasani. Nilikataa vikombe, nikaligonga gunia kwa kidole mbele ya wote na kutamka: msumari. Ilikuwa skrubu. Wakacheka, hata yule mpasuaji mwenye mvi ambaye nilimfundisha mimi kushika msumeno. Naomba iandikwe kwamba tofauti ya msumari na skrubu ni ya cheo tu, na kwamba gunia si mti.

3. Mashine imeidhalilisha boriti ya heshima. Unaikumbuka ile boriti kubwa iliyotoka kwenye paa la shule kuukuu. Niliigonga mbele ya mashahidi nikasema ni safi. Mkwe akapitisha fimbo yake, ikalia kwa mkato. Akachukua patasi, akachimba, akatoa msumari.

Siukatai msumari. Naukataa utaratibu uliotumika kuutoa. Ulikuwa msumari mzee, wenye kutu, umelala kufuata nyuzi za mti, wala haukuwa na nia mbaya na mtu. Mgonga mbao mwenye uzoefu hatangazi kila anachokisikia. Niliusikia nikausamehe. Wewe badala ya kuuliza, umeuchukua na kuutumbukiza kwenye kikombe chako cha kalamu, na kutoka hapa nilipo nauona ukinichungulia.

4. Mashine imeingia nyumbani kwangu. Wifi yako alipoteza sindano yake ya kushonea. Nilipapasa godoro lote kwa mikono hii na kutoa tamko kwamba sindano haipo. Bila kunishirikisha akamwita mkwe, naye akapitisha fimbo mara moja tu. Nilikuwa nimeilalia. Tangu siku hiyo mkwe akitutembelea anapakuliwa kabla yangu, na wifi yako ananiuliza jioni, kwa sauti ya upole isiyo ya upole, kama leo mashine imepata ngapi na mimi nimepata ngapi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimekuja na kifungua mimba chako, kikapewa na kiti.

5. Hili ndilo lililonitoa jasho. Juzi niliinama kuigonga boriti huku mkwe akiipima upande wa pili, kwa mashindano ambayo sikuyakubali lakini nilikusudia kuyashinda. Sahani ikapita karibu na bega langu la kushoto. Ikakoroma.

Nikavua saa. Ikakoroma. Nikavua mkanda, nikatoa funguo, nikatema hata ule msumari ninaopenda kuuweka mdomoni nikifikiri. Ikakoroma. Nikavua shati, Ndugu Mkurugenzi, mbele ya wapasuaji na mama chai, mtu wa umri wangu, na sahani ikaletwa kwenye ngozi tupu. Ikakoroma na kujiburuza vilevile. Mpasuaji mwenye mvi alikuwa amefumba macho kama yuko darasani, akataja jibu kabla hajaulizwa. Mkwe akatazama kioo, akavua vikombe masikioni, akaniambia taratibu: "Mjomba, hii ni sauti ya kipande cha msumeno. Ungekwenda hospitali." Sikupenda maneno yake, na upole wake niliupenda hata pungufu ya maneno yake.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini sikutegemea kuitwa chuma na kitu kinacholala kwenye sanduku. Bega hilo, kama ujuavyo, lina baridi yabisi. Ilianza mwaka ule msumeno ulipokatika, jambo lililotokana na uzembe wa waliouunda na si kweli kwamba lilitokana na boriti niliyokuwa nimeigonga. Wewe mwenyewe ulinifunga jeraha kwa kitambaa chako cha kichwa na kunisihi niende kwa daktari. Nikakujibu kwamba ni kibanzi cha mti, na kibanzi hutoka chenyewe. Sijabadili kauli. Wifi yako hunichua kila jioni, na kwa msimu wa baridi mkono haufiki juu ya rafu, hivyo ndivyo baridi yabisi ilivyo. Mtu anayesikia msumari uliolala ndani ya mti miaka na miaka hawezi kubeba chuma ndani ya nyama yake mwenyewe asikisikie. Hoja hii nimeirudia mara nyingi moyoni na sijaona ufa.

Baada ya maelezo hayo, maombi yangu ni haya. Mashine irudishwe kwenye sanduku lake, na sanduku lirudishwe lilikotoka. Mkwe ahamishiwe kwenye vumbi la mbao, ambako hakuna cha kutambua. Vikombe vya masikioni apewe mama chai avae kufukuzia kelele za wateja. Shule ya gunia ifungwe na wanafunzi warudie akili zao za awali. Na itamkwe mbele ya wafanyakazi wote kwamba mimi ni mtu wa nyama.

Ili usiseme natetea tumbo langu, kesho asubuhi nakwenda hospitali kwa hiari yangu kupigwa picha ya bega. Barua hii sitaituma mpaka niambatishe picha hiyo, uione mwenyewe kwamba ndani yangu kuna mifupa tu, na hiyo pia si mingi. Na kwa kuonyesha kwamba sina wasiwasi wowote na kidole changu, leo hii, bila mashine, nimeigonga ile boriti ndefu iliyokuja jana na kuiandikia SAFI kwa chaki, herufi kubwa. Nimewaagiza wapasuaji waipandishe kesho baada ya chakula cha mchana. Itakapopasuliwa kama siagi, utajua nani wa kumwamini.

Ikiwa hata hivyo utaiamini mashine, basi twende nayo mpaka mwisho wa njia. Kama mimi ni chuma, sistahili kukaa karibu na msumeno, maana mimi ndiye hatari ninayoitafuta. Nipimwe kwenye mizani, nikabidhiwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni, na wifi yako aruhusiwe kuniaga kabla sijafungwa kamba.

Neno moja halina namba, kwa sababu si la mkwe. Nikiondolewa kwenye kile kiti, nitakuwa mzee anayekaa tu kwenye biashara ya dada yake. Watu watanipita kama wanavyopita rundo la magome. Jambo hilo linaniogopesha kuliko hospitali.

Mwisho, na sasa udada unarejea, nisalimie Shemeji na mgongo wake, nisalimie mpwa wangu aliyetuletea mume msomi wa sahani, nisalimie mama chai ingawa alicheka, na wapasuaji wote isipokuwa mmoja, mwenye mvi, ambaye anajijua. Salamu za mkwe nitazituma atakaponiomba radhi.

Wako katika kazi, ambaye bado anasikia,

Mgonga Mbao Mkuu

Nyongeza: Picha nimeiambatisha kama nilivyoahidi. Ukiishika kwenye mwanga wa dirisha lako utaona mfupa wa bega, na nyuma yake kitu cheupe, bapa, chenye meno. Mpiga picha alidhani nimesahau kuvua kitu, akairudia. Meno yakabaki palepale. Kikulacho, kumbe, hakikuishia nguoni. Daktari anasema kimekuwa kikisogea kidogo kidogo miaka yote hii, na kule kinakoelekea si kuzuri, kwa hiyo sirudi leo, wanakitoa. Ameniuliza nani aliyekigundua. Nimemjibu ni mkwe wetu, kijana anasikia vizuri. Kiti akikalie, mguu wa nyuma wa kushoto ni mfupi, aweke kibanzi chini yake.

Barua hii anaileta wifi yako, na nimemwambia asisimame njiani kusalimiana na mtu. Dada, ile boriti ndefu niliyoiandikia SAFI, wasiipandishe. Mwambie mkwe aipime kwanza.